Neno Lililokwama kwa Ndaki

Mtu mmoja alikuwa na sauti kubwa. Aliitwa Ndaki, mkulima wa pamba katika nchi ya tambarare, ambako watu huenda shambani kwa baiskeli, sokoni kwa baiskeli, na hata mgonjwa hufikishwa zahanati akiwa ameketi kwenye keria, amemshika mwendeshaji kiunoni. Ndaki akiwaita ng'ombe wake malishoni, ng'ombe wa jirani nao waligeuza vichwa. Watu walipokusanyika kulima shamba la mwenzao, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na waliokuwa mpakani kabisa waliupokea bila kuuliza ni upi. Aliijua sauti yake na aliipenda, kama mtu apendavyo kitu ambacho hakukitolea jasho.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, usharika wao ulialikwa kwenye sikukuu ya shukrani katika kanisa lililoko ng'ambo ya mto, mwendo wa kutwa nzima. Wakakata shauri waende wote kwa baiskeli, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Aliyepewa kuongoza alikuwa Magembe, mtu mkavu, mchache wa maneno, mwenyeji wa kijiji kingine, ambaye alikuwa amewapitisha watu barabara ile miaka mingi na hakuwahi kumzika hata mmoja wao. Asubuhi ya safari, wengine wakifunga mizigo na kutaniana, yeye alipita kwa kila mtu akibinya breki kwa mkono wake mwenyewe. Wale waliozoea kusimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi na kandambili aliwaambia wakatafute breki, na asiyepata akae kwenye keria ya mwenzake. Wapo waliokasirika. Magembe hakuwabembeleza.

Kisha akawapanga mstari mmoja, baiskeli nyuma ya baiskeli, na akawaeleza. Tutakaa kushoto. Kati ya gurudumu lako na la mwenzako acha nafasi ya baiskeli nzima. Usichomekee, usiyumbe, usifunge breki ghafla bila kusema. Na jambo la mwisho alilirudia, yeye asiyependa kurudia. Aliye mbele anaiona barabara. Aliye nyuma anaona mgongo wa mwenzake na vumbi. Kwa hiyo chochote kitakachoonekana mbele kitasemwa kwa sauti, iwe shimo, iwe mchanga, iwe gari, na kila mtu atalipokea neno hilo na kumpa aliye nyuma yake mpaka lifike mkiani.

"Neno likikufikia," alisema Magembe, "litoe kwanza, ndipo ujiokoe."

Ndaki aliwekwa katikati. Hapo katikati ndipo misafara hukatika, kwa sababu walio mbele wanamsikia kiongozi, walio nyuma wanasikiana wao kwa wao, na baina yao neno hupotea kirahisi. Magembe alitaka hapo mtu mwenye koo. Ndaki alifurahi mno kupewa nafasi hiyo, akalinyoosha shati lake la bluu kana kwamba ametawazwa.

Mkewe, Limi, hakusafiri, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga. Alimsindikiza mumewe mpaka uwanja wa kanisa, mtoto mgongoni, na walipokuwa wanaagana akamwambia, "Baba Kabula, mama atawasubiri pale njia panda. Mzazi niliyebaki naye ni huyo mmoja. Nirudishie mzima."

"Atarudi," Ndaki akajibu, na alilisema kwa moyo wake wote.

Ni lazima ijulikane jinsi ukwe ulivyokuwa kwa watu wale. Mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Hakula mbele yake. Hakupaza sauti mahali ambapo yeye angeweza kuisikia, na jina lake hakulitamka kabisa, hata akiwa peke yake. Aliyethubutu alihesabiwa mhuni, na watu walimkumbushia jambo hilo mpaka anaota mvi. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye aliyeiacha njia. Adabu hiyo Ndaki aliishika kuliko wote. Safari moja alimwona mama mkwe kwa mbali, akajitosa kwenye mahindi ya watu, akajibanza humo mpaka mwenye shamba akamjia na fimbo akidhani ni mwizi. Kijiji kilicheka wiki nzima, lakini kilimsifu pia. Basi mama yule, mjane ambaye jina lake lilikuwa Nshoma, alikuwa hajapata kuisikia sauti kubwa ya mkwewe hata siku moja. Alisimuliwa tu.

Safari ilianza vizuri. Jua lilikuwa bado pole, minyororo ilikuwa imetiwa mafuta, na barabara ilikuwa nyeupe mbele yao. "Shimo!" likatoka mbele, likaja likipokelewa mdomo kwa mdomo, na lilipofika kwa Ndaki akalirusha nyuma kwa nguvu hata watu wa mkiani wakaangua kicheko na kusema kwamba wao hawahitaji mpokezaji mwingine. Mstari ule mrefu ulikwepa mashimo wote kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu jambo likienda sawa hakuna anayeuliza ni nani anayelibeba.

Walipofika njia panda walimkuta Nshoma amesimama kando ya baiskeli yake ya kiume, nzito, kanga ameikaza vizuri isinaswe na mnyororo. Alikuwa na miguu yenye nguvu na macho makali, na hakuna aliyemwonea huruma kwa umri wake. Ikatukia kwamba mtu aliyekuwa nyuma ya Ndaki alikuwa amepata pancha na kubaki mkiani, na pengo lake lilikuwa wazi. Magembe, ambaye hakujua habari za nani kaoa wapi, akanyoosha mkono.

"Mama, ingia pale, nyuma ya huyo mwenye shati la bluu."

Maneno aliyohitaji Ndaki yalikuwa machache sana: huyu ni mkwe wangu, nibadilishieni nafasi. Magembe angembadilisha papo hapo, bila hata kuuliza. Lakini Ndaki aliwaza kwamba watu watasema amemkataa mama wa mkewe mbele ya usharika mzima. Na tusimfiche: ile nafasi ya katikati aliipenda, na hakutaka kuiacha. Basi akainua ukosi wa shati, akainamisha kichwa, akapanda baiskeli yake bila kusema neno. Kosa lilizaliwa hapo, baiskeli zikiwa zimesimama na kila mtu akiwa mzima.

Hawakwenda mbali. "Shimo!" likaja tena. Lilimfikia Ndaki, likaingia kinywani mwake, na hapo likakutana na mama mkwe. Akalimeza. Badala yake aliushusha mkono wa kushoto nyuma ya tandiko na kuelekeza vidole viwili chini, taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni maji ya kunawa. Nshoma aliuona mkono, akakwepa. Lakini kwa kuwa hakupewa neno, naye hakuwa na neno la kutoa, na waliomfuata walipita kando ya shimo lile kwa bahati tu. Shimo lililofuata likawa vivyo hivyo. Ndaki akajisikia vizuri. Aliona kwamba ametimiza yote mawili, usalama na adabu, na kifua kikamtanuka.

Mchana walikifikia kijito kilichokauka, ambapo barabara inazama kwenye mchanga mzito kabla ya kupanda tena. "Mchanga! Shuka, kokota!" Neno lilikuja kwa haraka, na Ndaki akalipokea gurudumu lake likiwa limeshaanza kucheza. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Ishara hakuweza kutoa. Akafungua mdomo, na kweli alisema, lakini aliuambia usukani wake, kwa sauti ya mtu anayeomba dua chumbani kwa mgonjwa.

Nshoma hakusikia kitu. Gurudumu lake lilizama, akatupa mguu chini, akajishikilia kwa nguvu za miguu yake. Aliyekuwa nyuma yake hakuwa na miguu ile. Alikuwa mzee Lutonja, amebeba kwenye keria sufuria kubwa ya usharika, naye aliingia mchangani kwa kasi yote aliyotoka nayo mtelemkoni. Usukani ulimgeuka mikononi. Alianguka kifudifudi, sufuria ikabingirika mpaka ukingoni, na waendeshaji wawili waliomfuata wakamwangukia. Walipomwinua, goti lake lilikuwa limechanika vibaya, na mzee wa watu alikuwa anauma meno ili asilie mbele ya wanawake.

Watu wakamfunga goti kwa kitambaa. Kila mmoja akaulaumu mchanga. Magembe peke yake ndiye aliyerudi nyuma kwa miguu, akiuliza neno liliishia wapi. Walio mbele walisema wamelitoa. Walio nyuma walisema hawakulisikia. Magembe akautazama mstari kutoka kichwani hadi mkiani, na wakati huo Ndaki alikuwa ameinama, ameshughulika sana na mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Nshoma alisimama hatua chache kutoka kwake, naye hakusema kitu. Haikuwa kawaida ya mama kumshitaki mkwe wake hadharani.

Aibu ilimuunguza Ndaki. Aliliona goti lile, na alijua ni nani aliyelichana. Hata hivyo hakunyanyua kichwa. Alijiambia kwamba mara nyingine atajitahidi zaidi, na ndivyo mtu hujiambia anapotaka kuendelea kama alivyokuwa. Wakamweka mzee Lutonja kwenye keria ya kijana mmoja mwenye nguvu, mguu umenyooshwa, wakaendelea na safari.

Jua lilipoanza kulegea waliiona miti ya mtoni. Nusu ya nyuma ya msafara ikaanzisha wimbo kwa furaha ya kuwa karibu. Barabara pale hushuka kwa ghafla, hukata kona kali ya kushoto chini ya ukingo wa kilima, kisha hunyooka mpaka darajani. Upande wa kulia wa kona ile mvua zilikuwa zimeila barabara na kuacha korongo refu lenye mawe chini. Na siku hiyo lori la marobota ya pamba lilikuwa limevunjika ekseli mdomoni mwa daraja, likaziba njia yote.

Magembe aliliona, akainua mkono, akapiga kelele, "Simama!" Walio nyuma yake wakasimama, na waliofuata wakasimama, wakajazana kutoka lorini mpaka kwenye kona yenyewe. Ndaki ndiye aliyekuwa konani. Neno lilimfikia, akafunga breki, akaitupa baiskeli yake kwenye ukingo wa kushoto. Mahali pale aliposimama aliweza kuona kote kuwili, na hakuna mwingine aliyeweza. Mbele yake aliona migongo ya watu waliosimama bila nafasi hata ya kupenya mbuzi. Kulia aliona korongo. Nyuma yake, juu ya mtelemko, aliiona nusu nzima ya msafara ikija kwa kasi ya mlima, wanaimba, hawajui lolote. Wa kwanza wao alikuwa Nshoma, ameinamisha kichwa kukwepa vumbi, kidevu ndani ya kanga.

Ndaki alishusha mkono na vidole vyake viwili. Nshoma hakuwa anatazama. Akasema, "Simama," kwa nusu ya sauti, na wimbo ukaifunika.

Hapo aliogopa, kuliko alivyopata kuogopa maishani. Alimwona Limi uwanjani, na mtoto mgongoni, na akajua kwamba kama atarudi kwake na maiti ya mama yake, hataweza kumweleza kwamba alinyamaza kwa adabu. Hofu hiyo iliichoma aibu yake yote kwa mara moja. Aligeuka mzima mzima, akamtazama mama mkwe wake usoni. Na kwa kuwa katika wimbo mtu hasikii neno la watu wote, lakini jina lake hulisikia, Ndaki alifungua koo lake lote, akalitamka.

"Nshoma! Simama!"

Wimbo ulikatika. Nshoma alibana breki kwa mikono yote miwili, akakanyaga chini, na kabla baiskeli haijatulia alikuwa amekwisha geuza kichwa na yeye kupiga kelele, "Simama!" kwa nguvu za mtu aliyenyimwa kusema kutwa nzima. Neno likapanda mlima kutoka kwake, likapokelewa, likapokelewa tena, likafika mkiani. Magurudumu yalilia. Baiskeli mbili ziligongana na rimu moja ikapinda, na mfuko wa mchele wa mtu ukapasuka barabarani. Gurudumu la Nshoma lilisimama mahali ambapo Ndaki angeweza kuligusa kwa mkono. Korongoni hakuingia mtu.

Kisha watu walipokwisha kushukuru kwamba wako hai, wakakumbuka walichokisikia. "Amemtaja," alisema mwanamke mmoja, na lile jambo nalo likapita mdomo kwa mdomo, haraka kuliko mashimo yote ya siku ile. Ndaki aliketi chini kwenye ukingo, akajifunika uso kwa shati. Alingoja kutozwa mbuzi, au ng'ombe, au kuambiwa amrudishe binti wa watu kwao.

Nshoma akaiegemeza baiskeli yake. Akaikaza upya kanga, bila haraka, akaja mpaka aliposimama Magembe, ambaye alikuwa amerudi konani, mbele ya Ndaki, na watu wakampisha ili wasikie hukumu. Kwa kufuata desturi aliugeuza uso wake pembeni, kuelekea barabarani, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa lorini waliisikia:

"Mkwe, jina hilo ungelitaja kule kwenye mchanga, mzee Lutonja angekuwa na goti lake."

Hakumshukuru, ingawa uhai wake ulikuwa umetoka kinywani mwa mtu yule, wala hakumtoza chochote. Ndaki angeona afadhali kutozwa ng'ombe. Akainuka, akaenda kwa mzee Lutonja, aliyekuwa juu ya keria na mguu wake umefungwa, akamwambia mbele ya watu wote kwamba neno la mchanga lilimfikia na lilikwama kwake. "Basi utalishika jembe langu msimu ujao," akasema mzee, na Ndaki akakubali kabla mzee hajamaliza kusema.

Magembe, ambaye sasa alikuwa ameelewa, aliuliza kama mama ahamishiwe nafasi nyingine. Ndaki alitaka kujibu ndiyo. Lakini alipogeuka alimkuta Nshoma ameshapanda baiskeli yake, nyuma ya ile ya mkwewe, nafasi ya baiskeli nzima baina yao kama walivyoagizwa, anangoja. Hakuna aliyemhamisha.

Lori liliposogezwa, walivuka daraja wakikokota, mmoja mmoja, kisha wakapanda tena ng'ambo na kujipanga. Hawakwenda mbali. "Shimo!" likatoka mbele, likaja, likamfikia Ndaki, naye akaligeuza nyuma kwa sauti ileile inayowageuza ng'ombe wa jirani. Sauti ya mwanamke ikalipokea na kulipeleka nyuma zaidi, mpaka kwa mtu wa mwisho, ambaye hakuwa anaona kitu isipokuwa vumbi, na ambaye alilikwepa shimo.

Nawe ambaye neno limekwisha kukufikia, nyuma yako yupo nani unayemheshimu kiasi cha kumwacha aanguke?